Mama Mjamzito na Sumu za Bustanini

Katika milima yetu ya Usambara, toka Zirai hadi mabonde ya Lushoto, wakulima wengi hawalimi nyanya wala kabichi bila kupuliza. Tumezoea kukiita kinachopulizwa “dawa”. Kwa mtoto aliye tumboni, hiyo ni sumu.

Inamfikiaje mtoto?
Sumu humwingia mama kwa ngozi, pumzi na kinywa. Baadhi yake hupita kwenye kondo la nyuma. Mwili wa mtu mzima huweza kuivunja kiasi, lakini ini la mtoto bado ni changa. Hivyo mama anaweza asiumwe hata kichwa, na mtoto akadhurika.

Huko Salinas, California, Marekani, sehemu ya mashamba ya mboga, wataalamu waliandikisha wajawazito 601 mwaka 1999 na 2000. Waliokutwa na mabaki mengi ya sumu walielekea kujifungua mapema zaidi. Watoto wao walipofika miaka 7 walikuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya akili. Si kila mama aliyepita bustanini atapata shida, lakini hatari ipo na inazuilika.

Tufanye nini?
1. Mjamzito asichanganye sumu, asipulize, wala asipalilie bustani iliyopulizwa karibuni. Akina baba, kazi hiyo msimwachie.
2. Aliyepuliza aoge kwa sabuni kabla ya kubeba watoto. Nguo zake azifue mwenyewe, mbali na nguo za wengine.
3. Sumu isiwekwe jikoni wala chumba cha kulala. Chupa tupu isiwekewe maji wala mafuta.
4. Bomba la kupulizia lisioshwe mtoni. Walio chini yenu huchota maji hayo.
5. Ngojeni siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna.

Dalili za hatari
Mate na jasho jingi, kutapika, macho kuona ukungu, misuli kuchezacheza, kupumua kwa shida. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, msimtapishe. Mleteni hospitali upesi, pamoja na chupa yenye kibandiko.

Mama, ukija kliniki tuambie kama nyumbani mnapuliza. Hatutakugombeza, tutajua namna ya kukufuatilia. Na ukishajifungua, mnyonyeshe mtoto wako bila hofu, maana maziwa ya mama bado ndiyo chakula chake bora.