GARI LA CHAMA LINAPOSUMBUA
Kutambua hitilafu katika gari kuukuu la petroli lililofungwa mtambo wa gesi



Katika mali zote za chama cha ushirika, gari ndiyo mali inayoweza kumaliza akiba bila mtu kushtuka. Ukuta wa ghala ukipasuka kila mwanachama huuona. Gari hutafuna fedha kidogo kidogo, leo kwa risiti ya plagi, kesho kwa risiti ya pampu, na mwisho wa mwaka hesabu hukataa kulingana. Makala haya yanaeleza jinsi katibu na dereva wanavyoweza kutambua chanzo cha hitilafu kabla hata shilingi moja ya wanachama haijapelekwa katika maduka ya vipuri ya Kariakoo au gereji za Gerezani.

Tunazungumzia hasa gari kuukuu la petroli lililofungwa mtambo wa gesi asilia. Gesi hiyo iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na mwaka 2004 ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba. Siku hizi magari hufungwa mitambo ya gesi hapa hapa mjini, na miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, iliyoko kwenye Barabara ya Morogoro. Sababu ya kuifuata gesi ni ya hesabu. Mwaka 2024 lita moja ya petroli ilivuka shilingi 3,000, na kilo moja ya gesi iliuzwa kwa takriban nusu ya bei hiyo. Tena kilo moja ya gesi ina nishati inayokaribia ile ya lita moja na nusu ya petroli. Lakini faida hiyo hupotea yote iwapo gari hukaa gereji kila mwezi.

Njia mbili, injini moja

Gari lililofungwa gesi haliachi kuwa gari la petroli. Lina njia mbili za mafuta zinazokutana katika injini moja. Njia ya petroli ni tangi, pampu, chujio, kisha kabureta au nozeli. Njia ya gesi ni mtungi na vali yake, bomba jembamba la chuma, kifaa cha kupunguza mgandamizo, mpira wa kupeleka gesi, kisha nozeli za gesi au kichanganyio kilichofungwa kwenye njia ya hewa. Vitu vingine vyote hutumiwa na njia zote mbili: betri, koili, waya za plagi, plagi, chujio la hewa, vali za injini na maji ya rejeta.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, gari linasumbua kwa mafuta yote mawili, au kwa mojawapo tu? Dereva abonyeze swichi ya kubadili mafuta, aendeshe kidogo, kisha aandike alichokiona. Jaribio hili halina gharama, nalo huondoa nusu ya mambo yanayoshukiwa.

Likisumbua kwa mafuta yote mawili

Tafuta katika vile vitu vinavyotumiwa na njia zote. Anza na betri. Safisha vichwa vyake na ukaze waya unaokwenda kwenye bodi ya gari. Betri nzima ikiwa imepumzika hupima karibu volti 12.6, injini ikiwaka ipime kati ya 13.8 na 14.4. Isipofikia hapo, chunguza fani belti na jenereta kabla ya kununua betri nyingine.

Fungua chujio la hewa. Vumbi la mjini huliziba upesi, na injini isiyopata hewa ya kutosha hutoa moshi mweusi na kula mafuta. Kisha fungua plagi. Masizi makavu meusi yaonyesha mafuta mengi kuliko hewa. Ulowevu wa oili waonyesha injini iliyochakaa ndani. Kama gari limepita katika maji ya Jangwani wakati wa masika, fungua kofia ya distribyuta na uikaushe kwa kitambaa kikavu.

Lipo jambo moja ambalo madereva wengi hawalitambui. Gesi huingia ikiwa kavu, na katika baadhi ya injini za zamani vali hujichimbia polepole katika vikalio vyake. Hapo nafasi ya vali hupungua na ule mgongo mdogo uliozoeleka hunyamaza. Ukimya huo si dalili ya uzima. Nafasi ikiisha, vali haifungi sawasawa, injini hupoteza nguvu kwa mafuta yote, na vali huweza kuungua. Fundi apime nafasi za vali kwa vipindi vilivyoandikwa katika kitabu cha gari.

Likisumbua kwa gesi peke yake

Tazama kwanza kipimo cha gesi, vali ya mtungi na fyuzi ya mtambo. Kisha tazama maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa. Gesi inaposhuka kutoka mgandamizo mkubwa hupoa sana, na kifaa cha kupunguza mgandamizo hupashwa moto kwa maji ya injini. Maji yakipungua, kifaa huota umande, hata barafu, na injini huzimika. Mwenye haraka hununua kifaa kipya kwa fedha nyingi, kumbe kilichohitajika ni maji na mpira usiovuja.

Hapa pana mtego. Gesi huhitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli. Plagi iliyochoka au waya unaovujisha umeme huweza kuonekana mzima kwa petroli, lakini gari likakohoa kwa gesi. Kwa hiyo, kabla ya kuulaumu mtambo wa gesi, kagua plagi na waya zake. Katika mitambo yenye kichanganyio, cheche dhaifu huweza hata kusababisha mlipuko mdogo ndani ya njia ya hewa na kupasua nyumba ya chujio. Mlipuko kama huo ukitokea mara moja, usingoje wa pili.

Kupungua nguvu kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi wakati wa kutumia gesi ni jambo la kawaida. Hakuna kipuri kitakachoondoa hali hiyo.

Likisumbua kwa petroli peke yake

Mara nyingi chanzo ni kuisahau petroli. Katika chama kimoja nilichokagua, pampu ya petroli ilinunuliwa mara tatu katika mwaka mmoja. Tangi lilikuwa kavu karibu wakati wote, kwa kuwa dereva alitumia gesi tu. Katika baadhi ya mitambo pampu huendelea kuzunguka hata gari likitumia gesi, nayo hupozwa na petroli yenyewe. Tangi likikauka, pampu huungua. Tangu chama hicho kiagize robo tangi ibaki siku zote, hakijanunua pampu nyingine. Petroli iliyolala miezi mingi nayo huharibika na kuziba nozeli. Basi gari liendeshwe kwa petroli walau safari moja kila juma.

Mipaka ya fundi wa nyumbani

Mtungi wa gesi asilia hujazwa kwa mgandamizo wa takriban mara 200 ya hewa ya kawaida, yaani kama mara mia ya upepo wa tairi la gari dogo. Kwa sababu hiyo mtungi, vali yake na bomba la chuma visiguswe na mtu yeyote asiye fundi aliyefunzwa kazi hiyo. Dereva anaruhusiwa kutazama kutu na mikanda ya mtungi, kusoma tarehe za ukaguzi zilizopigwa juu yake, na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitokea, gesi inavuja. Kiberiti kisitumiwe kamwe. Ukisikia harufu ya gesi, zima injini, funga vali ya mtungi, fungua milango, na usibonyeze swichi yoyote ya umeme. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu, hivyo ni hatari kulaza gari linalovuja chini ya paa lisilo na matundu. Kuchomelea karibu na mtungi ni marufuku, na mtungi wa gesi ya jikoni usifungwe katika gari kwa hali yoyote.

Daftari la gari

Kila chama kiwe na daftari lenye safu hizi: tarehe, kilomita, dalili, mafuta yaliyokuwa yakitumika, kilichokaguliwa, kilichobadilishwa na gharama. Kipuri cha zamani kirudishwe ofisini pamoja na risiti ya mashine. Bodi isiidhinishe ununuzi wa kipuri ambacho daftari halielezi kasoro yake. Mkaguzi akija, daftari hilo litasomwa pamoja na hati za malipo, nanyi wanachama mnayo haki ya kuliomba katika mkutano mkuu.