Je, Wajua? Tope la Gurudumu Huruka Kuelekea Wapi?

Pikipiki ikikwama kwenye utelezi wa barabara ya Kasongo–Kabambare wakati wa mvua, gurudumu la nyuma huzunguka palepale na kurusha matope. Je, wajua kwamba bonge la tope haliruki kwa kunyooka kutoka kitovuni? Hufuata tanjenti, yaani mstari unaogusa tairi pale lilipobandukia, ukikutana kwa nyuzi 90 na mstari utokao kitovuni hadi hapo. Huo ndio mwelekeo wa mwendokasi wake wa papo hapo. Tangu hapo uvutano wa dunia hulipinda lianguke chini.

Pikipiki ikinasuka na kwenda kilomita 30 kwa saa bila kuteleza, sehemu ya juu kabisa ya tairi husonga mbele kwa kilomita 60 kwa saa, ilhali inayogusa ardhi imetulia tuli wakati huohuo!