Kuingoja Filamu ya Kuchorwa

Pengine umewahi kuona filamu ya katuni. Watu na wanyama wake hutembea na kusema. Lakini wote ni picha za kuchorwa. Je, picha ya karatasi hutembeaje?

Chukua daftari lililokwisha. Katika pembe ya karatasi ya kwanza chora mtu aliyeshika jembe. Katika karatasi ya pili mchore tena, jembe limepanda kidogo. Endelea hivyo mpaka karatasi ya kumi. Sasa ziachie karatasi upesi kwa kidole gumba. Utamwona mtu wako akiinua jembe. (Wafiche watoto, watakunyang'anya.)

Filamu ya katuni ni kama daftari hilo. Katika sekunde moja picha 24 hupita mbele ya macho. Mara nyingi mchoro mmoja hutumika mara mbili. Basi sekunde moja hutaka michoro 12, na dakika moja hutaka michoro 720. Hiyo ni kazi kubwa. Siku hizi wengi huifanya kwa kompyuta, lakini wako wanaoshika penseli bado.

Mmoja wao ni mzee Hayao Miyazaki wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1941. Mwaka 2013 alitangaza kwamba anastaafu. Lakini mkono wake haukutulia! Mwaka 2016 alianza filamu nyingine. Kufikia mwaka 2020 wachoraji 60 walikuwa kazini, na kwa mwezi mzima walimaliza kama dakika moja tu. Nayo filamu ni ya zaidi ya saa mbili. Watu walingoja huku wakihesabu umri wa mzee. Je, ataimaliza?

Aliimaliza. Ilitoka Julai 2023, naye ana miaka 82. Kabla ya siku hiyo, watu wa Japani hawakuonyeshwa hata kipande. Walipewa tangazo moja tu lenye mchoro wa ndege. Mimi naona ilikuwa vema. Hamu yao ilizidi.

Kama hujaiona, nawe unayo ya kungojea. Inaanza usiku, wakati wa vita. Hospitali inaungua, na mama wa mvulana Mahito yumo ndani. Mvulana anakimbia kumwendea. Siku utakapoiona, utazame sana moto ule. Ulichorwa kwa mkono, mchoro baada ya mchoro.