Mji wa Lamu na Maji Yake

Mkaazi wa Balambala atakapo maji huuendea Mto Tana. Mto huo hushuka kupita Garissa hata ukaingia baharini karibu na Kipini, lakini hautii tone katika kisiwa cha Lamu, kilicho mbele kidogo katika pwani hiyo hiyo. Je, mji usio na mto umewezaje kuishi mamia ya miaka?

Jibu limo katika vilima vya mchanga vya Shela, mwendo mfupi kutoka mjini. Mvua inyeshapo, maji huzama mchangani yakatulia juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Visima vya hapo ndivyo viunyweshavyo mji.

Shela hiyo hiyo ilipiganwa vita, yapata mwaka 1812. Watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa, kisha wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Ngome iliyokamilika yapata mwaka 1821 ingali imesimama karibu na soko. Biashara ilistawi, na matajiri wakajenga nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Katika majumba na misikiti yalijengwa mabirika, na ndani yake wakafugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Vichochoro ni vyembamba, na mizigo huchukuliwa na punda. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwezi Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa upande wa bara, na imekusudiwa kuwa barabara njema iiunganishe na Garissa. Hayo ni manufaa makubwa kwa wafugaji wa bara watafutao soko. Lakini watu wakizidi, maji nayo yatatakiwa zaidi. Visima vikitekwa kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda. Na vilima vikijengwa nyumba, mvua hukosa mahali pa kuzama. Kisima kilichokwisha kuingiwa na chumvi hakirudi utamu wake upesi.

Kwa hiyo yafaa kila mtu, mwenyeji na mgeni, ajue kwamba vilima vya Shela si uwanja mtupu ungojao kujengwa. Hivyo ndivyo birika la mji mzima.