Mgeni akija Meru ale nini? Somo kutoka migahawa ya vijijini Italia

Msikilizaji wetu mmoja, mama anayeishi kwenye mitelemko ya Mlima Meru, ametutumia ujumbe. Kikundi chake kimeombwa kuwaandalia chakula cha mchana wageni kutoka Ulaya. Anauliza: "Tukope hela tununue tambi na soseji, au tupike mtori wetu?" Tumeona swali hili linawagusa wengi, na jibu lake tumelitafuta huko huko Ulaya wanakotoka wageni.

Trattoria ni nini?

Nchini Italia, trattoria ni mgahawa wa kawaida, mara nyingi wa familia. Vijijini unaweza kukuta mama au bibi yuko jikoni na watoto wanahudumia. Vyakula ni vichache. Pengine hakuna hata karatasi ya bei mezani. Mwenye nyumba anakuja kukutajia kilichopikwa leo.

Chakula huja kwa awamu. Kwanza ni vitu vidogo vya kuonja, kama nyama iliyokaushwa kwa chumvi. Halafu huja tambi au supu nzito, kisha nyama na mboga pembeni. Mwisho ni kitu kitamu na kahawa. Mvinyo wa eneo hilo huletwa kwenye jagi. Sehemu nyingi huongeza malipo madogo kwa kila mtu, yanayoitwa coperto, kwa ajili ya mkate na meza. Hakuna haraka, watu hula huku wakipiga soga.

Chakula cha wakulima

Vingi vya vyakula hivyo vilianza kama chakula cha watu wa hali ya chini. Kaskazini mwa Italia kuna polenta, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto. Ndiyo, ni ndugu wa ugali wetu! Toscana kuna ribollita, supu ya maharage, mboga za majani na mkate mkavu uliobaki. Leo watu husafiri mbali na kulipa ili wale vyakula hivyo.

Mwaka 1985 Italia ilitunga sheria ya kuwaruhusu wakulima kupokea wageni na kuwalisha shambani, na mwaka 2006 ikatunga nyingine mahali pake. Msingi wake ni kwamba kilimo kibaki kazi kuu, na chakula kitoke kwa sehemu kubwa kwenye shamba lenyewe na maeneo ya jirani.

Na kwetu je?

Hata hapa jambo hili si geni. Tangu miaka ya 1990, vijiji kama Ng'iresi na Mulala vimekuwa vikipokea wageni kupitia utalii wa kitamaduni. Mulala, kikundi cha akina mama cha Agape kilijulikana kwa kutengeneza jibini kwa maziwa ya hapo hapo.

Kwa hiyo mama yetu, usikope. Tambi mgeni ameziacha kwao. Anza na parachichi na ndizi za kuchoma. Leta mtori, kisha loshoro, au ugali na nyama na mnafu. Maliza kwa ndizi mbivu na kahawa ya shambani, ikaangwe na kutwangwa mgeni akiona. Kinachopungua kanunue soko la Tengeru.

Mambo ya kuzingatia

Patana bei kwa kila mtu kabla ya siku yenyewe. Piga hesabu ya kila kitu: mkungu wa ndizi hata kama ni wako, kuni, maziwa na muda wa wapishi. Wengi husahau vya nyumbani na kujikuta wamepata hasara.

Uliza mapema kama kuna asiyekula nyama au anayedhurika na chakula fulani. Chemsha maji ya kunywa, na maziwa ya loshoro yachemshwe kabla ya kugandishwa. Weka maji na sabuni ya kunawa. Onana na afisa afya wa kata kuhusu vipimo vya wapishi, na uulize ofisi ya kijiji kuhusu vibali.

Je, kijijini kwako mgeni angepikiwa nini? Tutumie ujumbe, tutausoma hewani.