Alidina Visram: benki kabla ya benki

Alidina Visram alizaliwa mwaka 1851 huko Kera, katika nchi ya Kachi magharibi mwa India, kwenye jamii ya Waismailia. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12, alishuka Bagamoyo. Alianza kazi kama msaidizi wa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyewapatia wasafiri wa Kizungu wapagazi na bidhaa za safari, na ambaye jina lake bado linatajwa kila siku katika hospitali ya Muhimbili, kwenye jengo la Sewahaji.

Shule yake ilikuwa njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, wapagazi walipanda bara na nguo za marekani, chumvi na shanga, wakarudi pwani na pembe za ndovu, nta na asali. Safari moja ilichukua miezi, na katika miezi hiyo mwenye mali alikuwa pwani akiomba Mungu. Visram alijifunza mapema kwamba faida ya biashara hiyo ilitegemea zaidi watu waliokaa njiani: nani anaaminika Tabora, nani hulipa, nani hupotea na mzigo. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram alirithi sehemu kubwa ya mtandao huo na kuupanua hadi Uganda na Kongo.

Wakati huohuo misafara ilikuwa inakufa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika kwenye Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, Desemba 1901. Wafanyabiashara wengi wa Bagamoyo walififia pamoja na mji wao. Visram alihamishia makao yake Mombasa, akafungua maduka kuifuata reli, kisha akavuka hadi Kampala, Entebbe na Jinja.

Hapo ndipo biashara yake ilipogeuka kuwa benki, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Benki ya National Bank of India ilikuwa Zanzibar tangu 1892 na Mombasa tangu 1896, lakini Uganda ilipata tawi lake Entebbe mwaka 1906 tu. Kabla ya hapo fedha yenyewe ilikuwa mzigo. Wenyeji walitumia makombe ya kauri, ambayo mamia kwa mamia yalihitajika kufikia rupia moja, na mpagazi mmoja hakuweza kubeba ya kutosha kununua kitu cha maana. (Waganda hadi leo huita pesa ensimbi, yaani kauri.) Rupia za fedha nazo zilikuwa nzito, na zilivutia wezi.

Dawa yake ilikuwa hundi. Mathalani ofisa aliye Entebbe anataka fedha zilizoko Mombasa: zinawekwa kwenye duka la Visram la Mombasa, anaandikiwa karatasi, na duka la Entebbe linamlipa kutoka kwenye mauzo ya siku hiyo. Hakuna sarafu iliyosafiri. Kinachosafiri ni nguo zinazopanda na pembe zinazoshuka, na daftari ndilo linalolinganisha. Hata serikali ya Kiingereza ilitegemea utaratibu huu kupata fedha taslimu huko bara, jambo linaloonyesha jinsi dola hiyo kubwa ilivyokuwa na mkoba mwepesi mbali na pwani.

Kwa watu wa kawaida chombo kilikuwa mali kauli. Mwenye duka dogo alichukua bidhaa bila kulipa, akauza vijijini, akarudisha thamani yake baada ya msimu, mara nyingi kwa mazao badala ya pesa. Katika biashara ya namna hiyo riba haiandikwi. Hukaa ndani ya bei, na mkulima aliyepeleka ufuta au ngozi dukani aliilipa bila kuiona. Lakini hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Upande wa Wajerumani hali ilikuwa hiyohiyo: benki yao ya kwanza ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1905, na kwa mtu wa Bukoba au Biharamulo duka la Mhindi lilibaki karibu zaidi kuliko benki yoyote.

Kuanzia mwaka 1904 Visram aliingia kwenye ardhi. Nchini Uganda alifungua mashamba makubwa ambayo hatimaye yalifika saba, akajaribu miwa, mpira na mazao mengine ambayo hapakuwa na uhakika kama yangekubali. Mpira ulikuwa na bei nzuri wakati huo, kabla mashamba ya Asia hayajaishusha. Pamba ilimwelekea vizuri zaidi, naye akawekeza kwenye vinu vya kuichambua. Pwani na Kisumu alikuwa na vinu vya kukamua mafuta.

Mbao zilifuata kwa sababu iliyo wazi. Kampala na Entebbe zilikuwa zinajengwa, na mbao zilipasuliwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni, kwa msumeno mrefu. Jozi hiyo haikuweza kutosheleza mji. Visram aliweka viwanda vya kupasua mbao, akaviunganisha na karakana za maseremala katika miji hiyo miwili. Misitu ya Uganda ilikuwa na mvule, mti ambao huwashinda mchwa na ambao hufaa kwa milango na meza. Ukiangalia vizuri, kila shughuli yake iliilisha nyingine: duka lilimkopesha mkulima, kinu kilipokea pamba yake, na fedha za pamba zilirudi dukani.

Udhaifu wa mpango huo ulikuwa mmoja: kila uzi ulipita mkononi mwa mtu mmoja. Visram alifariki Mombasa Juni 1916, akiwa ametoka safarini Kongo, katikati ya vita kuu. Sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa madeni yaliyotawanyika katika madaftari ya maduka mengi, na deni la mali kauli hulipwa kwa anayejulikana. Mwanawe Abdul Rasul aliishika biashara kwa miaka michache, naye akafariki mwaka 1923. Katika muongo huo kampuni ilisambaratika na mali zikauzwa. Kabla ya hapo Abdul Rasul alikuwa ametoa fedha za kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, nayo bado inaitwa Allidina Visram.