Je, Wajua? Rozari Hutuliza Pumzi

Mwaka 2001, watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, walitangaza matokeo ya kuwapima watu wazima 23 wakisali Salamu Maria za rozari kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Kwa mwendo huo wa polepole, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda na kushuka kwa mpangilio, na mwili hurekebisha shinikizo lake vizuri zaidi.

Ni habari njema kwa anayelala na kuamka na msongo, maana msongo usiokoma huvuruga usingizi na kuuchosha moyo. Lakini sala isichukue nafasi ya kulala! Nabii Eliya wa Biblia, alipochoka hadi kujiombea kifo chini ya mti wa mretemu, hakuhubiriwa kwanza. Alilala, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akala tena, ndipo akatembea siku 40 hadi mlima Horebu. Anayejiombea kifo leo afikishwe upesi kwa daktari pia, na wanaomwombea ndio wamsindikize.